Usikibonyeze Tena Kitufe Chekundu: Wiki Tano na Boila ya Mafuta Isiyotulia

Nilishtuka saa kumi alfajiri kwa sababu ya ukimya. Anayelala karibu na boila ya mafuta, mtambo unaochoma mafuta ili kupasha maji yanayoleta joto nyumbani, anaujua mngurumo wake. Unauzoea mpaka huusikii tena, lakini ukikosekana mwili unaamka wenyewe. Nikaishika rejeta ya chumbani, ile ya ukutani inayopitisha maji ya moto, baridi kama chuma cha nje. Nikashuka chini na tochi, nikakuta taa nyekundu inawaka kwenye kidhibiti cha kichomeo, sehemu inayowasha moto, na pembeni yake kitufe chekundu. Nikakibonyeza. Mota ikazunguka, moto ukashika, nikarudi kulala nikimshukuru Mungu kwamba kazi imekuwa nyepesi.

Usiku uliofuata, kimya tena.

Ilinichukua wiki tano kupata dawa. Katika wiki hizo nilinunua vipuri vitatu nisivyovihitaji, nikaijaza nyumba masizi, na kuna alfajiri moja niliyowahatarisha watoto wangu bila kujua. Naandika yote, pamoja na yale ninayoyaonea aibu, kwa ajili ya yule ambaye usiku wa leo atasimama mbele ya taa kama ile.

Kosa la kwanza lilikuwa la kutoelewa mtambo unaniambia nini. Boila huzima kwa namna mbili. Maji yakifika joto lililowekwa, tuseme nyuzi 80, kichomeo kinazima, maji yakipoa kinawaka tena. Hilo si tatizo, ndiyo kazi yake. Kujifunga ni habari nyingine: taa nyekundu inawaka na hakuna kitakachotokea mpaka mtu aje abonyeze. Mtambo unajifunga kwa sababu umetafuta moto haukuuona.

Na moto wenyewe unapatikana hivi. Themostati, kifaa kinachopima joto la nyumba, ikiita joto, mota inazungusha feni na pampu ya mafuta kwa pamoja. Transfoma inarusha cheche kati ya elektrodi mbili, yaani ncha mbili za chuma, kwa umeme unaofika volti 10,000 hivi. Pampu inasukuma mafuta kwenye nozeli, tundu dogo kuliko ncha ya sindano, yanatoka kama ukungu na cheche inayadaka. Pembeni kuna jicho la moto, kidude kidogo cha kioo kinachohisi mwanga. Likiona moto, kidhibiti kinaacha kazi iendelee. Lisipouona ndani ya muda uliopangwa, kila kitu kinakatwa. Vidhibiti vingi vya siku hizi vinangoja sekunde 15 tu. Changu ni cha zamani, kinangoja 45.

Sasa fikiria maana ya zile sekunde 45. Kila unapobonyeza kitufe, unaiambia pampu isukume mafuta kwa muda wote huo, moto uwepo usiwepo. Yale yasiyoungua hayapotei. Yanalala ndani ya chumba cha moto, yanasubiri.

Mimi sikulifikiria hilo. Wiki ya kwanza nilibonyeza mara moja kila alfajiri. Wiki ya pili ikawa mara mbili, mara tatu, ndipo iwake. Nikaona kama nimempata mnyama mkaidi anayehitaji kubembelezwa. Kisha ikaja alfajiri moja, nikabonyeza mara tano mfululizo. Mara ya tano moto ulishika, lakini haukushika kama siku zote. Ulipiga kishindo. Mlango mdogo wa kuchungulia moto ulifunguka wenyewe, bomba la moshi likatikisika kwenye maungio yake, na wingu jeusi likatoka likanipita usoni. Nilisimama pale masikio yakivuma. Nilipopanda juu nilimkuta binti yangu ameketi kitandani anakohoa, na kwenye shuka lake kulikuwa na vumbi jeusi jepesi kama unga wa mkaa.

Tukafungua madirisha yote, tukawatoa watoto nje wakiwa wamejifunika mablanketi. Kilichoniuma zaidi ni kwamba nyumbani hatukuwa na king'ora cha kaboni monoksidi. Gesi hiyo ni sumu inayoua, haina harufu wala rangi, na boila inayoungua vibaya inaweza kuitoa bila dalili yoyote. Kesho yake tulifunga ving'ora viwili, kimoja karibu na vyumba vya kulala. Kama unasoma haya na una boila nyumbani lakini huna king'ora, acha kusoma, kakitafute. Mengine yanaweza kungoja.

Kwa hiyo kanuni ya kitufe ni hii: kibonyeze mara moja. Ukijifunga tena, acha, zima umeme wa boila, anza kutafuta sababu au muite fundi. Baadhi ya vidhibiti vipya vinakataa vyenyewe baada ya kushindwa mara tatu mfululizo, na mtu asitafute njia ya kuvizunguka. Na ukishabonyeza mara nyingi, usiwashe tena kabla fundi hajafungua chumba cha moto na kukausha mafuta yaliyotuama humo.

Baada ya ile alfajiri nilifanya kosa la pili, nalo lilinigharimu fedha. Nilianza kubadilisha vipuri kwa kubahatisha. Nilisoma kwamba jicho la moto likichafuka boila inajifunga, nikanunua jicho jipya. Usiku ule ilijifunga. Nikanunua nozeli. Ilijifunga. Nikanunua transfoma, ghali kuliko hivyo viwili vya mwanzo. Ikakaa usiku mbili nikaanza kutamba, wa tatu ikajifunga.

Jicho ningeweza kulipima kwa mita ya kawaida ya umeme kabla sijatoa hata shilingi. Unazima mtambo, unachomoa nyaya zake kwenye kidhibiti, unapima upinzani. Gizani namba inapaswa kuwa kubwa sana, zaidi ya omu 100,000. Likiwa linatazama moto mzuri, namba inashuka chini ya omu 1,600, na mara nyingi inakuwa mia kadhaa tu. Baadaye nililipima lile jicho la zamani nililokuwa nimelitupa kwenye boksi. Lilikuwa zima kabisa, lilihitaji kufutwa kwa kitambaa laini tu.

Nozeli nayo ilinifundisha kwa uchungu. Ubavuni mwake kuna maandishi madogo yenye mambo matatu: kiasi cha mafuta kwa saa (huandikwa kwa galoni, kwa mgandamizo wa pauni 100 kwa inchi ya mraba), pembe ya ukungu kwa nyuzi, na umbo la ukungu, yaani uko mtupu katikati au umejaa. Mimi nilitazama kiasi peke yake. Nozeli niliyoinunua ilikuwa ya nyuzi 60 badala ya 80, basi moto ukawa mrefu na mwembamba, ukaenda kulamba ukuta wa nyuma wa chumba cha moto na kutengeneza masizi juu ya yale ya mwanzo. Ukibadilisha nozeli, yote matatu yalingane na yaliyoandikwa kwenye kibati cha mtambo au kitabu chake. Usiiguse ncha yake kwa vidole pia. Uchafu mdogo wa mkononi unatosha kuharibu umbo la ukungu.

Aliyetuokoa kwanza alikuwa mke wangu, na alituokoa kwa daftari. Jioni moja aliniambia, "Baba watoto, kila siku unaniambia imezima usiku. Usiku saa ngapi? Ilikuwa imelala muda gani kabla ya kuzima?" Sikuwa na jibu. Akachukua daftari la shule lililobaki kurasa, akachora mistari: siku, saa, joto la nje, ilikuwa imepumzika muda gani, ilibonyezwa mara ngapi. Akalifunga kwa kamba kwenye bomba karibu na boila.

Baada ya siku tisa tulikaa mezani na lile daftari. Mpaka hapo nilikuwa naamini mafuta yanaganda. Tangi letu liko nje, na ni kweli kwamba mafuta ya aina hii kwenye baridi kali huanza kutoa nta inayoziba filta. Lakini daftari lilisema kinyume. Usiku wa baridi kuliko wote boila haikujifunga hata mara moja. Ilijifunga katika usiku wa afadhali, wakati nyumba ilikuwa bado na joto na themostati haikuita kwa saa nyingi. Tukazungushia kalamu kila tukio. Kila mara boila ilikuwa imepumzika zaidi ya saa sita. Usiku wa baridi kali haikupata nafasi ya kupumzika, kwa hiyo haikupata nafasi ya kuharibika.

Nililitazama lile daftari muda mrefu. Vipuri vyote nilivyonunua vilikuwa dawa za ugonjwa ambao hauangalii saa. Hiki kilikuwa kitu kinachotokea polepole wakati mtambo umelala.

Fundi tuliyemwita alikuwa mzee wa makamo ya baba yangu, mpole, asiye na haraka. Kabla hajafungua kisanduku cha vifaa aliomba daftari, akalisoma lote amesimama. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, lilianza lini hasa? Na siku chache kabla ya hapo, nani aligusa nini?"

Nikamwambia hakuna aliyegusa. Akanyamaza, akaningoja. Ndipo nikakumbuka. Siku kama kumi kabla ya ule ukimya wa kwanza nilikuwa nimebadilisha filta ya mafuta mwenyewe. Niliona fahari siku ile, maana ni kazi niliyoizoea na sikumwaga hata tone. Sikuwahi kuihusisha na tatizo kwa sababu boila iliwaka vizuri siku kumi nzima.

"Tangi liko chini au juu ya kichomeo?" akauliza. Chini. Hapo akatikisa kichwa kama mtu aliyepata njia.

Nieleze alichonieleza, kwa sababu humo ndimo ilimokuwa siri yote. Tangi likiwa juu, mafuta yanashuka yenyewe, na penye tundu yatadondoka utayaona. Tangi likiwa chini, pampu inavuta. Bomba linalovuta likiwa na tundu dogo halidondoshi kitu. Linaingiza hewa. Unaweza kulifuta kwa kitambaa cheupe kikabaki cheupe, ukaapa kwamba halivuji. Boila ikifanya kazi, hewa ile ndogo inapita pamoja na mafuta na moto unavumilia. Boila ikilala saa sita, hewa inaingia polepole na mafuta yaliyokuwa ndani ya bomba yanarudi tangini. Themostati ikiita, pampu inavuta bomba tupu. Wenye magari ya dizeli wanalijua jambo hili: gari likivuta hewa haliwaki.

Nami nilikuwa na mabomba mawili, moja la kuvuta na jingine la kurudisha, na pampu ya mfumo huo hujitolea upepo yenyewe ikipewa muda. Ndiyo maana kitufe kilikuwa kinafanya kazi. Kila nilipobonyeza, niliipa pampu sekunde nyingine 45 za kuyapandisha mafuta. Yakifika, yanafika na povu. Ukungu unatoka kwa kukatikakatika, cheche inaudaka au haiudaki. Zaidi ya hapo, hewa iliyobanwa karibu na nozeli hutanuka mtambo unapozima, ikasukuma matone mengine ndani ya chumba cha moto. Pale ndipo kile kishindo kilipotengenezwa, tone kwa tone, kwa mkono wangu.

Fundi hakutaka niamini kwa maneno. Alifunga mpira mwangavu kwenye nati ya kutolea upepo ya pampu, ncha ya pili akaitumbukiza kwenye mtungi wa kioo, akawasha, akalegeza nati nusu mzunguko. Niliinama na tochi. Mafuta mekundu yalikuja yakiwa na vipovu vidogovidogo, vimepangana kama shanga kwenye uzi, haviishi. Tukasubiri nusu dakika. Bado shanga. Akafunga nati mota ikiwa bado inazunguka, kwa sababu ukifunga baada ya mota kusimama hewa hurudi ndani.

Kisha akafanya jaribio ambalo ningelijua mapema lisingenifikisha nilipofika. Alichomoa bomba la tangi kwenye pampu, la kuvuta na la kurudisha, akachukua mipira miwili mifupi na kuitumbukiza kwenye dumu la mafuta safi lililowekwa karibu. Boila ikala kutoka kwenye dumu. Vipovu vikaisha. Tukaiacha ilale mchana kutwa, jioni ikawaka kwa mara ya kwanza bila kusita. Hapo tukawa tumegawanya tatizo pande mbili: kuanzia pampu kwenda kwenye moto kila kitu ni kizima, na ubaya uko kati ya pampu na tangi. Nozeli, jicho na transfoma vyote viliachiwa huru kwa dumu moja.

Alipofungua kopo la filta aliniita. "Njoo uone kwa macho yako." Akapitisha kidole kwenye mfuniko wa juu, mle ndani kwenye ukingo. Gasketi mpya niliyoiweka, ile pete laini inayoziba mwanya kati ya kopo na mfuniko, ilitoka mkononi mwake. Akapitisha kidole tena, akachokoa kwa ncha ya bisibisi, ikatoka gasketi ya pili, nyeusi, ngumu kama ganda. Ile ya zamani ilikuwa imegandamana na chuma siku ile niliyobadilisha filta, haikushuka na kopo. Sikuiona, nikaweka mpya juu yake. Gasketi mbili hazikai sawa. Zinabana siku kumi, kisha ngumu inaiacha laini, na hewa inapata njia yenye unene wa unywele.

Alisafisha ukingo mpaka chuma kikang'aa, akaweka gasketi moja mpya iliyopakwa mafuta kidogo, akabadilisha na washa ya ile bolti ya katikati, maana nayo hupitisha hewa. Mbele kidogo alikuta kiungo cha kubana kwa pete, akakikata na kuweka kiungo cha mdomo uliopanuliwa. Akaniambia kwamba kwenye bomba la kuvuta mafuta viungo vya pete havifai, na utepe mweupe wa mabomba ya maji usitumike kabisa, kwa kuwa vipande vyake hukatika na kuishia kwenye pampu. Mwisho akafunga geji ya mvuto. Mvuto ukizidi unaotarajiwa, kuna kuziba: filta imejaa, vali haijafunguka sawasawa, bomba limebonyea. Ukipungua na vipovu vikiwepo, kuna hewa.

Usiku ule sikulala, si kwa ukimya bali kwa kuusubiri. Haukuja. Daftari liliendelea wiki mbili zaidi, safu ya kubonyeza ikiwa na sifuri tupu.

Kwa asiye na fundi karibu, nianzie pale ambapo ningeanzia mimi leo. Angalia tangi kwa fimbo ya kupimia, siyo kwa geji, maana kielea cha geji hukwama likaonekana lina mafuta wakati ni tupu. Angalia vali za bomba na swichi ya dharura. Uliza nani aligusa nini mara ya mwisho. Andika saa. Kama boila inajifunga ikianza baada ya kulala, fikiria hewa na mafuta yanayorudi tangini. Kama inajifunga katikati ya kazi, fikiria filta iliyoziba, maji au tope chini ya tangi, au moto unaoyumba kwa sababu dohani haivuti vizuri. Kama hairushi cheche, ndipo uangalie elektrodi, mwanya wake ambao huwa kama milimita 3 hadi 4, na kauri yake kama imepata ufa. Kazi za umeme wa transfoma mwachie anayezijua. Volti 10,000 hazitoi nafasi ya kujifunza.

Fundi alirudi siku ya tatu kwa kazi ambayo sikuijua kuwa ni lazima. Alitoa ile nozeli yangu ya nyuzi 60 na kuweka inayostahili, akapiga brashi njia za moshi, akatoa ndoo mbili za masizi. Kisha akatoboa tundu dogo kwenye bomba la moshi na kupima. Aliivuta hewa kupitia karatasi nyeupe kwa pampu ya mkono. Mara ya kwanza ikatoka na doa la kijivu, akarekebisha mlango wa hewa wa kichomeo, akavuta tena mpaka karatasi ikabaki nyeupe. Akapima kaboni monoksidi pia, akaniandikia namba zote kwenye lile daftari ili atakayekuja mwakani awe na pa kulinganisha. Aliniambia kwamba boila iliyokwisha kupiga kishindo isiachwe bila vipimo hivyo, hata kama inawaka vizuri, kwa sababu maungio ya dohani huwa yamelegea. Yangu yalikuwa yamelegea mawili.

Filta bado naibadilisha mwenyewe. Ubavuni mwa kopo nimeandika kwa kalamu ya wino mzito tarehe ya mwisho, na chini yake maneno mawili: gasketi moja.